Nailoni ya Gari la Mtukufu

Nchi yetu mnaijua, ila msiitaje. Nami sitaitaja, na si kwa woga, la hasha, sisi huku hatuogopi. Ni kwamba jina lenyewe liko kwenye matengenezo. Iko upande ule ule mliouzoea, ina mito, ina milima, ina bendera, na ina amani nyingi mno, kiasi kwamba kijiko kikidondoka jikoni nyumba nzima hulala kifudifudi. Mimi naitwa Mwinchande, fundi rangi wa magari. Haya ninayowasimulia nimeyaona kwa macho yangu mawili, lakini mkiulizwa, semeni mliota.

Kiongozi wetu anaitwa Mtukufu Mpya. Mpya si jina la ukoo, ni cheo. Amekaa kitini miaka thelathini na minne, na kila baada ya miaka mitano huapishwa, na gazeti la serikali huandika kwa herufi kubwa kwamba nchi imepata kiongozi mpya. Picha huwa ile ile ya mwaka wa kwanza, ana nywele nyeusi na shingo nyembamba. Kaulimbiu ya taifa imepakwa kwenye kila ukuta: Kipya Kinyemi. Methali kamili mnajua inavyoishia. Kwetu haiishii. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu aliimalizia ubaoni, na chaki ingali mkononi, akahamishwa.

Niseme kabisa ili msije mkapotea njiani: kwetu hakuna anayefungwa wala kupotezwa. Watu huhamishwa. Wanapelekwa kituo kingine cha kazi. Kituo hicho hakina anwani, na sijasikia mtu aliyehamishwa kutoka huko akarudi huku.

Basi mwaka huu Mtukufu akapata gari jipya.

Mtaona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Magari yetu sisi huja yamekwisha kuishi maisha yao ughaibuni, yamelea watoto wa watu, yamepata ajali na kutubu, ndipo yanaletwa kwetu yazeeke. Gari ambalo halijawahi kukaliwa na mtu, hakuna aliyekuwa amewahi kuliona. Siku lilipowasili ofisi zote zilifungwa. Lilishushwa taratibu, limefunikwa nailoni nyeupe kuanzia boneti, paa, milango yote minne hadi buti, vioo tu ndivyo vilivyoachwa wazi. Rangi yenyewe ilikuwa nyeusi. Uliweza kuiona pembeni, kwenye kingo ambako nailoni iliishia, imekoza na inang'aa kama jicho la ng'ombe.

Hapa niwaeleze desturi yetu, ingawa nadhani hata kwenu ipo, msijifanye wageni. Sisi kitu kipya hatukivui nailoni. Kochi linakaliwa na nailoni yake mpaka mgeni akiinuka anainuka nalo. Rimoti inabonyezwa juu ya nailoni mpaka namba zifutike. Godoro nililooa nalo mke wangu Somoe lilikaa na nailoni miaka sita, na majirani walijua ratiba yetu yote. Nailoni ndiyo shahidi wa upya. Ukiibandua, umekizeesha kitu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Waziri wa Mng'ao wa Taifa, Dakta Lupembe, alipopanda jukwaani kuihutubia nailoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnauona upya huu? Upya huu haukuokotwa. Kama gari hili lilivyo jipya, ndivyo uongozi ulivyo mpya. Nailoni hii ni kiapo. Nami natangaza amri mbili. Ya kwanza: rangi ya gari hili isidhurike milele. Ya pili: nailoni hii isibanduliwe milele. Atakayevunja moja kati ya hizi..."

Akanywa maji. Hakumalizia. Taifa zima likamalizia kimoyomoyo, kisha likapiga makofi.

Wiki hiyo hiyo wakatafuta mtu wa kuitunza hiyo rangi. Aliyekuwepo alikuwa ameondoa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu kina chembe za mchanga, na chembe ya mchanga ni kucha. Akaacha mkwaruzo juu ya nailoni, mwembamba hata kuliko unywele. Akahamishwa na kitambaa chake.

Wakaja kwenye gereji ya Fundi Chimbuli, mzee aliyenifundisha kazi na ambaye nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na moja. Watu watatu wenye miwani myeusi. Wakauliza, "Nani hapa anaijua rangi?" Mafundi wote wakatazama chini, kila mmoja akagundua kiatu chake kina jambo la kuvutia. Mimi bahati mbaya nilikuwa nimeinua uso nataka kupiga chafya. Wakasema, "Huyu amejitolea." Nikapiga chafya ndani ya gari lao.

Nyumbani nilimkuta Somoe anachambua mchele. Nikamwambia nimepata kazi ikulu. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kazi gani?" akauliza.

"Kutunza rangi ya gari la Mtukufu."

"Baba Rukia," akasema polepole, "si ungesema unaumwa?"

"Nilikuwa napiga chafya. Ndivyo walivyonichukua, nikipiga chafya."

Hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele uleule aliokwisha kuuchambua. Tangu siku ile niliogopa, na nawaambia wazi, sijaacha mpaka leo.

Kazi yenyewe niliifanya kama nilivyofunzwa. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Sifongo laini. Unaanza juu kwenye paa unashuka, huanzi chini ukapandisha tope. Husugui kwa mizunguko, unavuta moja kwa moja. Huoshi juani. Yote haya nilikuwa nayafanya juu ya nailoni, naosha nailoni kwa heshima zote za rangi, na walinzi wawili wamesimama wakihesabu idadi ya mivuto.

Kulikuwa na suala la kunguru. Kinyesi cha ndege kikikauka kwenye rangi kinaila, kila fundi anajua. Nilikosea nikalisema hilo kwa sauti. Wizara ikaunda Kikosi cha Kudhibiti Kinyesi, askari arobaini wenye vikofia, wakitazama juu mchana kutwa. Kunguru walipewa saa arobaini na nane waondoke mji mkuu. Hawakuondoka. Kamanda wa kikosi akaandika taarifa kwamba wameondoka, na tangu siku hiyo ukimwona kunguru unatakiwa usimwone.

Kila siku saa nne asubuhi Mtukufu alitoka kwenye mlango wa ikulu, anatembea taratibu kwa sababu ya magoti, ingawa kwenye gazeti hana magoti mabovu. Alifika kwenye gari, akaligonga kwa kiungo cha kidole, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

"Ipo?" aliniuliza.

"Ipo, Mtukufu."

"Nzuri?"

"Nzuri, Mtukufu."

Akarudi ndani. Gari hakupanda. Kulipanda ni kulizeesha. Mimi nilibaki nimeshika sifongo, nikishukuru Mungu kwa siku moja nyingine.

Wiki ya tatu nikaanza kuona jambo ambalo sikulipenda. Gari lilikuwa limewekwa katikati ya uwanja wa ikulu ili wananchi walione kupitia nondo, na jua la huku mnalijua, halina itifaki. Nailoni ilianza kugeuka manjano. Pembeni pakaota mapovu madogo. Nikabonyeza povu moja kwa kidole, likakataa kubonyea. Usiku ule sikula. Siku ya mapumziko nikaenda kwa Fundi Chimbuli.

Nilimkuta kibarazani pa gereji anakoroga rangi kwa kijiti. Ni mtu mfupi, mikono yake ina madoa ya rangi za magari ya miaka arobaini, hata akifa yataoshwa naye. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nikamweleza mapovu.

Aliacha kukoroga. "Hiyo nailoni ina muda gani juani?"

"Siku ya ishirini na mbili leo."

"Mwinchande, hiyo nailoni imewekwa kwa ajili ya safari. Melini, njiani, mchanga usiikwaruze rangi. Gari likifika, nailoni inatolewa. Ina gundi. Gundi ikipikwa na jua inaingia kwenye rangi, inashikamana nayo. Mwezi ukipita, ukiibandua inatoka na rangi."

"Sasa nifanye nini?"

"Ibandue. Kesho alfajiri, bodi ikiwa baridi. Maji ya vuguvugu pembeni, unavuta polepole, umeilaza, usiinyanyue juu. Una siku nane."

"Fundi, kubandua ni kuhamishwa."

"Na usipobandua?"

"Rangi ikidhurika nahamishwa."

Mzee akaweka kijiti chini. Kisha akasema, "Basi kaombe ruhusa, mwanangu. Wao ndio wenye gari. Sema kweli tu, kweli haina mikwaruzo." Akarudi kwenye kopo lake. Mzee yule ni mtu mwema sana, na watu wema ndio wanaotupeleka pabaya.

Nikaenda Wizara ya Mng'ao. Ile wizara ni mpya mno, viti vyote vina nailoni, mashine zina nailoni, hata karani wa mapokezi alikuwa na nailoni kwenye kitambulisho hivyo sikuweza kusoma jina lake. Nikamweleza nataka fomu ya kuomba kubandua. Akashuka chini ya meza. Nilidhani anatafuta fomu. Baada ya dakika kumi nikachungulia, nikamkuta amekaa tu huko, amekumbatia miguu yake.

"Kaka," akanong'ona, "neno hilo usilirudie hapa."

Hatimaye nikafikishwa kwa Dakta Lupembe mwenyewe. Nilisimama. Nilimweleza kuhusu gundi na jua, nikitumia maneno laini, nikisema nailoni ni nzuri mno, uzuri wake umezidi, ndiyo maana inashikamana. Alinisikiliza amefumba macho. Nikaona kope zake zinacheza. Na yeye alikuwa anaogopa, jamani. Waziri mzima.

"Fundi," akasema, "unadai kwamba kitu kipya kikikaa na upya wake muda mrefu, kinaharibika?"

"Sijadai hivyo, Mheshimiwa."

"Maana kuna mtu hapa nchini ana upya wa miaka thelathini na minne."

"Sijadai, Mheshimiwa. Nazungumzia nailoni."

"Hata mimi nazungumzia nailoni."

Akaunda kamati. Kamati ilikaa siku tano, ikala vizuri, ikaja na uamuzi kwamba tatizo ni jua. Ikaazimia jua lipunguzwe. Likatolewa tangazo redioni kuwataka wananchi wote wasichangie joto, wapikie kuni mbichi. Nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba turubai moja lingetosha. Nikajibiwa kuwa turubai ni kuuficha upya usionwe na wananchi, na aliyelitoa wazo hilo aandike barua ya kujieleza. Nikaandika barua ya kurasa sita. Sikumbuki niliandika nini, nakumbuka tu kuwa karatasi ililowa.

Siku ya thelathini ikapita. Ikapita ya thelathini na tano. Ko, ko. "Ipo?" "Ipo, Mtukufu." "Nzuri?" "Nzuri, Mtukufu."

Siku ya thelathini na nane, saa saba mchana, walinzi wamegeuka wanakula, nikapiga goti nyuma ya gurudumu la nyuma. Nikamwaga maji ya vuguvugu kwenye kona moja, nikaingiza ukucha, nikavuta taratibu nimeilaza, kama nilivyoelekezwa. Nailoni ikatoka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Upande wake wa ndani ulikuwa mweusi. Kwenye bodi palibaki chuma, kijivu, kimenikodolea.

Nikairudishia. Nikaibonyeza kwa kidole, nikaomba dua zote ninazozijua na moja ya kuzimia moto. Nikabaki nimepiga goti pale pale chini. Mlinzi akaniuliza vipi. Nikasema naikagua tairi.

Tangu hapo, jamani, nilikuwa nasema uongo kila siku saa nne. Mwanzo nilikuwa naogopa huenda rangi itaharibika. Sasa nilikuwa mtu ambaye imekwisha kuharibika na ni yeye peke yake anayejua. Somoe alinifungashia begi dogo, kanzu, mswaki, dawa ya tumbo, akaliweka nyuma ya mlango. Binti yetu Rukia akauliza baba anasafiri lini. Mama yake akamwambia anyamaze ale.

Siku ya hamsini na mbili akaja mgeni.

Alikuwa rais wa nchi jirani, mtu mchangamfu, mnene, ambaye kwao inasemekana watu huongea mpaka mwisho wa sentensi. Paredi ikapigwa, ngoma zikachezwa, kisha Mtukufu akamleta aone gari. Mawaziri wote wakapangwa kwa urefu. Mimi nikasimama kando ya boneti na sifongo yangu, nimevaa sare mpya, na kola ina nailoni inanikata shingo.

Mgeni akalizunguka gari, akitikisa kichwa kwa kulipenda. Akafika mbele. Pembeni mwa boneti nailoni ilikuwa imejikunja kidogo kwa jua. Akaishika kwa vidole viwili, akasema kwa upendo, kama unavyomtoa mwenzio uzi kwenye bega:

"Ndugu yangu, hii mbona umesahau kuvua?"

Akavuta.

Ule mlio sitausahau. Nailoni ilichanika kutoka pembeni hadi katikati, na rangi ikaja nayo yote, kama ganda la kiazi kilichoiva. Mgeni akashtuka. Lakini mtu akianza kubandua huona aibu kuacha katikati. Akaendelea kuvuta, huku akitabasamu kwa haya, mpaka boneti nzima ikawa tupu. Akabaki amesimama ameshika ile ngozi nyeusi mkononi, hajui aiweke wapi.

Ngoma zilizokuwa zikipigwa nje ya geti nazo zikaacha, sijui zilijuaje. Kunguru mmoja akapita na watu mia tatu hawakumwona.

Mgeni hahamishwi, kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo nyuso zote zikahama kutoka kwake zikaja kwangu. Dakta Lupembe akasogea hatua moja mbali nami. Mtukufu akaitazama boneti, akanitazama.

"Fundi," akasema. "Hiki ni nini?"

Nikafumbua kinywa. Nawaapia sikujua nitasema nini. Niliona lile begi nyuma ya mlango, nikaona ungo wa Somoe, kisha nikaisikia sauti yangu ikianza kuongea bila kuniuliza.

"Mtukufu, huu ndio upya wenyewe. Nailoni ni upya wa nje. Rangi ni upya wa kati. Lakini chuma hiki hakijawahi kuonwa na jicho la mtu tangu kilipofuliwa. Duniani kote magari yamefunikwa, yanaona haya. Hili peke yake limefikia upya wa mwisho. Nilikuwa nasubiri liive."

Mtukufu akainama, akagusa chuma kwa kiganja. Uso wake ulitokea pale juu, lakini chuma kile hakikuwa kioo. Kilimwonyesha kwa ukungu, bila mikunjo, bila mifuko ya macho, kichwa tu na shingo. Alijitazama muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe!" akapaza Dakta Lupembe, na makofi yakapigwa mpaka mgeni naye akalazimika kuitupa ile ngozi apige.

Nilirudi nyumbani jioni kwa gari la serikali. Somoe alipoliona akadhani wamekuja kulifuata begi, akakaa chini mlangoni. Nikamwambia, "Nimepandishwa cheo." Akanitazama usoni, akaniuliza, "Cheo gani hicho kinachomfanya mtu alie?" Sikuwa nimejua kwamba nalia.

Ndani ya siku tatu ikapitishwa Sheria ya Chuma Wazi. Magari yote ya serikali yabanduliwe rangi. Mngewaona mawaziri, watu wazima wenye vitambi, wanakwangua magari yao kwa msasa, kwa visu vya jikoni, kwa vijiko, kila mmoja akitaka kumaliza kabla ya mwenzake. Kupaka rangi kukawa kosa: ni kuuficha upya, na anayeuficha upya ana lake jambo. Neno "kutu" likafutwa. Wanafunzi waliagizwa kuchana ukurasa huo kwenye kamusi zao, na kwa kuwa ukurasa una pande mbili, tulipoteza pia "kutubu".

Mimi nikawa Kamishna Mkuu wa Upya wa Chuma. Nikapewa ofisi, meza, na katibu muhtasi aitwaye Bi Kalista, mwanamke mpole mwenye kalamu ya bluu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ninayosema na ninayonyamazia. Watu wakaanza kuniamkia kutoka mbali. Nilipoingia dukani, mazungumzo yalikatika. Mwanzoni niligeuka nyuma kuangalia ni nani aliyeingia.

Juma lililofuata Fundi Chimbuli akaja ofisini.

Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa, limepigwa pasi. Gereji yake ilikuwa imefungwa, makopo yake yamemwagwa mtaroni. Nilidhani amekuja kuomba. Nikajiandaa kumwambia kuwa mikono yangu imefungwa. Kumbe hakuja kuomba. Alitoa mfukoni kikopo kidogo, akakiweka mezani kwangu.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea nta. Gereji si kitu, imefungwa imefungwa. Lakini nimekuwa sipati usingizi kwa ajili yako. Wiki ijayo masika yanaingia. Paka hii leo hii, nyembamba, kwa kitambaa laini, uirudie kila siku mbili. Na kama itakuwa imekwisha kuanza, kuna dawa ya kuchanganya, njoo nyumbani nikuelekeze. Chuma kitupu hakingoji kamati. Mvua moja tu, kitashika kutu."

Neno lilitoka. Lilikaa pale mezani karibu na kikopo.

Nikageuka kumtazama Bi Kalista. Hakuwa ameandika. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na macho yake mapole yalikuwa kwangu, si kwa mzee. Alikuwa anangoja aone ataandika jina moja au mawili.

Mzee naye akaelewa. Alinitazama, hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Miaka kumi na moja mtu yule alinipa nusu ya mkate wake kila asubuhi.

"Andika," nikamwambia Bi Kalista.

Akaandika. Mzee akainuka, akakunja mikono ya shati lake la Ijumaa kama mtu anayekwenda kazini, akasema, "Haya, mwanangu. Usisahau kitambaa laini." Walikuwa wanamngoja ngazini. Nta waliichukua kama kielelezo.

Amehamishwa. Mkewe alikuja kuniuliza amehamishiwa wapi. Nilimwambia Bi Kalista amweleze kuwa sipo, nami nikiwa nimesimama nyuma ya pazia, miguu yangu inaonekana.

Masika yameingia Jumanne hii. Jumatano asubuhi nilikuta doa moja kwenye boneti, la kahawia, saizi ya punje ya dengu. Dawa ya kuchanganya siijui. Anayeijua mnamjua alipo. Nikaliwekea kidole. Mtukufu alipotoka saa nne, akagonga ko, ko, akauliza kama ipo, nikasema ipo. Nzuri? Nzuri. Akarudi ndani.

Jana yalikuwa manne. Leo, ninavyowasimulia, yako tisa, na vidole ninavyo kumi. Ndiyo maana mnaniona nimeinama hivi, mikono yote juu ya boneti, natabasamu. Niwieni radhi siwezi kuwapa mkono.

Dakika chache zilizopita Dakta Lupembe amefika kazini. Ameniona nilivyokaa. Ameliegesha gari lake pembeni yangu, akashuka, akainama juu ya boneti yake, akatandaza vidole. Nilidhani ananiiga, akidhani ni salamu mpya. Kisha nikaona jasho lake, na jinsi anavyopanga vidole, kimoja kimoja, akichagua mahali. Nyuma yake amefika Waziri wa Elimu, naye amefanya hivyo hivyo, na wa nyuma yake tena. Uwanja mzima sasa hivi una watu wazima walioinama juu ya magari yao, kimya, na hakuna anayemtazama mwenzake.

Mlango wa ikulu unafunguliwa. Anakuja kwa miguu, taratibu, kwa sababu ya magoti. La kumi nimelifunika, na sasa limeota la kumi na moja, nje kidogo ya kidole changu cha mwisho, na mvua imeanza tena.